Uso wa Haboba

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii yatufunza kwamba mwenye haja hana budi kujishusha kwa ajili ya haja yake, hata awe na elimu, awe na haraka, awe amevaa nguo za kutokea. Kilicho mvunguni hakitoki kwa kuitwa. Waweza kusimama wima kando ya kitanda ukakiamuru kijitokeze mpaka sauti ikukauke, nacho kitabaki kimetulia huko huko kwenye vumbi. Zulaikha binti Abdul-Latif aliisikia methali hii tangu utotoni, na siku zote alidhani inawahusu watu wengine.

Zulaikha aliishi Nakawa, nyuma ya soko, katika nyumba ya bibi yake, Bi. Maimunah, ambaye ukoo mzima ulimwita Haboba, kama Wanubi wanavyowaita bibi zao. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mchanga, na baba yake alifuata biashara Juba akawa haonekani ila kwa msimu. Haboba ndiye aliyemlea. Alimwogesha, akamsomesha, akamuuguza malaria, na alipohitimu chuo cha hoteli alimfunga gurbaba yake mwenyewe, ile nguo ya Kinubi ya siku kubwa, ili aende kupokea cheti amependeza. Ungemuuliza Zulaikha ni nani anayempenda kuliko wote duniani, angekujibu kabla hujamaliza swali.

Mwaka huu Zulaikha alipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Sharjah, kwa mkataba wa miaka miwili. Furaha yake haikuwa na kifani. Alihangaikia pasipoti, akahangaikia vipimo vya hospitali na viza, na kila kitu kilipokuwa tayari ndipo alipomweleza Haboba, jioni moja, akiwa amesimama mlangoni na viatu miguuni kwa sababu bodaboda ilikuwa inamsubiri nje. Haboba alisema alhamdulillahi, akaendelea kushona ukindu wake. Zulaikha aliona mambo yamekwisha, akaenda zake.

Jambo moja tu lilimchoma. Hakuwa na picha ya uso wa Haboba, na hakutaka kupanda ndege bila kuwa nayo. Miaka miwili ni mingi kwa mtu mzee. Aliogopa, ingawa hakuthubutu kulitamka, kwamba huenda akirudi asimkute, na kwamba huko ugenini sura ile ingemponyoka kidogo kidogo hadi akawa hana hata ya kuota.

Labda utauliza, siku hizi ambapo hata muuza ndizi ana simu ya kupiga picha, mtu anakosaje picha ya bibi yake? Lawama ni za jamaa zake. Sikukuu moja ya Idi, binamu mmoja alimpiga Haboba picha akairusha kwenye kundi la ukoo, na mtu wa Juba, asiyejulikana ni mtoto wa nani, akaandika kwamba bibi huyo amekonda na meno yamepungua. Haboba alisomewa maneno hayo. Tangu siku hiyo simu ikielekezwa kwake alijifunika mtandio.

"Hiyo simu ina midomo mingi," alisema. "Mnataka picha yangu, leteni ya karatasi. Ya karatasi inakaa nyumbani na watu wa nyumbani."

Zulaikha alijaribu kumshawishi kwamba picha ya simu pia huweza kuchapwa kwenye karatasi. Haboba alimjibu kwamba maji yakishapita mdomoni mwa mtu hayarudi kuwa maji ya kunywa.

Ndipo Zulaikha alipokwenda Kabalagala kutafuta kamera ya mkanda. Kule, katikati ya baa mbili ambazo saa za mchana huwa bado zimelala, palikuwa na duka la Obura, mtu wa Lira, aliyeuza vitu vilivyoachwa na wageni waliomaliza kazi zao mjini: pasi, redio, viatu vya kupandia milima. Kwenye kabati la kioo alikuwa na kamera ndogo nyeusi ya Kijapani, ya zile zinazotafuta ukali wa picha zenyewe, ambayo umri wake ulimzidi Zulaikha. Obura hakuwa mlaghai. Aliufungua mlango wa nyuma wa kamera akamwonyesha sifongo iliyogeuka kuwa kama lami, akaibandua na kuweka mpya. Alimulika lenzi kwa tochi ili waone kama ina ukungu, akatia betri fupi nene ambayo haipatikani kwenye maduka ya kawaida, akabonyeza. Kamera ilinguruma, lenzi ikatoka nje kama kobe anayechungulia, na Zulaikha akaipenda pale pale.

Obura alimuuzia pamoja na mikanda miwili ya nyeusi na nyeupe, yote aliyokuwa nayo, kisha akamwelekeza, akimwita nnyabo, yaani bibie.

"Nnyabo, hii inajilenga yenyewe, lakini jicho lake iko katikati tu. Weka mtu katikati, bonyeza nusu, ngoja taa ya kijani, halafu ndiyo umalize. Ukienda mbio, yeye ataangalia ukuta."

Zulaikha alimshukuru kwa adabu na kumwambia kwamba anapiga picha kwa simu tangu yuko sekondari. Obura alicheka kidogo, akamfungia kamera kwenye gazeti.

Siku ya Ijumaa Haboba alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni pamoja na shangazi Kaltumi, dada wa baba yake Zulaikha, ambaye alikuja kumsaidia kushona tabaga. Hizo ni sinia za ukindu wa rangi ambazo Wanubi hufunikia chakula, na Haboba alikuwa fundi wake wa kutajwa. Zulaikha alisimama mbele yao, akachungulia kwenye kitundu, akawaweka mmoja huku na mwingine huku kama wafanyavyo wapiga picha wa harusi.

"Haboba, angalia hapa," alisema.

"Piga tu. Mimi niko," Haboba alijibu bila kuinua kichwa.

Basi Zulaikha akapiga. Alipiga mbele, akapiga kwa pembeni, akapiga amepanda juu ya kigoda, kidole kikikimbia kama anayefukuza nzi, mpaka mkanda ukaisha na kamera yenyewe ikaanza kuurudisha nyuma kwa mlio wa kulalamika. Aliona kazi imekwisha. Jioni hiyo alianza hata kuchagua fremu.

Kule Lubaga, kwenye mteremko chini ya kanisa kuu, kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Moreen aliyepiga picha za vitambulisho vya shule. Nyuma ya studio yake alitunza chumba cha giza alichoachiwa na marehemu baba yake, na bado alikuwa anasafisha mikanda ya nyeusi na nyeupe kwa wachache waliokuwa nayo. Zulaikha alimpelekea mkanda, akarudi baada ya muda akiwa na hamu ya kupita kiasi. Moreen alimpangia picha mezani, akajitahidi asicheke.

Ukuta wa sebule ulikuwa umetoka vizuri ajabu. Kalenda ya msikiti iliyotundikwa pale ungeweza kuisoma saa za swala, moja baada ya nyingine. Mbele ya kalenda palikuwa na wanawake wawili wasio na nyuso, wamefifia kama moshi wa kuni mbichi. Zile alizompiga Haboba peke yake zilionyesha juu ya mtandio wake, na mikono, na ukindu. Zulaikha alishikwa na butwaa. Alisema ameuziwa kamera mbovu, akatishia kwenda Kabalagala siku hiyo hiyo.

"Kamera ni nzima kabisa, nnyabo," Moreen alimwambia kwa upole. "Imepita katikati ya watu wawili, ikakuta ukuta. Kwa kweli kalenda yenu ni nzuri."

Zulaikha alicheka bila kutaka. Maneno ya Obura yalimrudia yote, na haya ikamshika. Alibakiwa na mkanda mmoja, na safari ilikuwa imekaribia hata sanduku lilikuwa limeshafunguliwa juu ya kitanda.

Safari hii alikuwa mwanafunzi mwema. Alimweka Haboba katikati ya kitundu, akabonyeza nusu, akangoja taa ya kijani. Kamera ilifanya kila ilichotakiwa kufanya. Tatizo lilikuwa kwamba uso wenyewe haukuwapo. Haboba hakuuinua. Zulaikha alimletea kiti akae juu, Haboba akasema mgongo wake umezoea mkeka. Alimletea chai ya tangawizi, Haboba akainywa ameinamia kikombe. Alimsimulia visa vya chuoni ambavyo zamani vilimchekesha hadi machozi, na mabega ya Haboba yakatikisika kwa kicheko, lakini macho yalibaki kwenye tabaga. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, kwamba apige tu, yeye yuko.

Mwishowe subira ilimwishia. Alimwambia Haboba kwamba anamfanyia makusudi, kwamba anataka aondoke na picha ya mtandio kama mtu asiye na kwao. Hakuwa amewahi kumpandishia bibi yake sauti maisha yake yote. Haboba alilowesha ukindu mwingine, akaupitisha kwenye tundu la sindano, na Zulaikha akakimbilia jikoni kulia.

Shangazi Kaltumi alikuwa jikoni anachambua mchele. Alimwacha alie mpaka kwikwi zikapungua, kisha akamuuliza swali ambalo Zulaikha hakulitarajia.

"Zule, hiyo kamera tumekwisha kuilaumu vya kutosha. Wewe ulimwomba ruhusa lini?"

Zulaikha alisema alimwambia. Shangazi alikubali kwamba alimwambia, tena nyumba nzima ilisikia. Lakini katika nyumba hiyo, alisema, msafiri hampi mkubwa habari. Msafiri humwomba radhi, naye mkubwa humpa. Abdul-Latif mwenyewe, baba yake Zulaikha, pamoja na ukaidi wake wote, alipotaka kwenda Juba alikaa kwenye mkeka ule ule, akashika miguu ya mama yake, akangoja mpaka akajibiwa.

"Wewe ulimletea safari imeshapikwa na kupakuliwa," shangazi alimaliza. "Ulisimama mlangoni, ukatangaza kama mtu wa redio, ukaondoka."

Maneno hayo yaliingia yakakaa. Kwanza Zulaikha alijitetea moyoni. Alijiambia kwamba yeye si mtoto, kwamba kazi ameitafuta mwenyewe kwa cheti chake, kwamba siku hizi watu wanasafiri bila kushika miguu ya mtu. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililomtuliza. Aliikumbuka jioni ile ya mlangoni, akakumbuka kwamba alimpa habari huku akiangalia nje kama bodaboda bado ipo. Aliona aibu iliyomfikia mpaka kwenye nyayo.

Asubuhi iliyofuata Haboba alikuwa peke yake sebuleni, mlango uko wazi, na mwanga unaingia hadi kwenye mkeka. Zulaikha alivua viatu nje. Aliiweka kamera sakafuni, akapiga moyo konde, akaketi mbele ya bibi yake magoti yakikaribia kugusana. Haboba alimsogezea fungu la ukindu uliolowekwa ili amkabidhi mmoja mmoja, kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mdogo. Zulaikha alimpa mwekundu pahala pa mweusi, akarekebishwa kwa kuguswa mkono, na kwa muda mrefu walifanya kazi hivyo.

Kisha Zulaikha aliinama akashika miguu ya bibi yake. Ilikuwa baridi, na visigino vimepasuka.

"Haboba, nimekosa," alisema. "Nilitafuta safari yangu bila wewe, nikaja kukuambia wakati sina tena la kukuuliza. Nisamehe. Na unipe radhi yako, kwa sababu bila hiyo sijui naenda wapi."

Sindano ilisimama. Haboba alikuwa bado ameinamisha kichwa, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Unadhani nimekasirika? Mimi sijakasirika. Nikikuangalia usoni nitasema usiende. Najijua. Na wewe utabaki, kwa sababu nilikulea vizuri, halafu kila asubuhi utakuwa unafikiria kitu ulikosa kwa ajili yangu. Basi nimekuwa naangalia ukindu."

Machozi yalimdondoka Zulaikha juu ya miguu ile aliyoishika.

"Lakini leo umeniuliza," Haboba aliendelea. "Mtu akiulizwa, anaweza kujibu. Siku zote hizi nilikuwa na ruhusa yako mkononi, mwanangu, na hakuna mtu amekuja kuichukua."

Akauinua uso wake.

Zulaikha aliutazama, na jambo la kwanza alilohisi lilikuwa mshtuko. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuingia utando mweupe. Mashavu yalikuwa yameshuka, na kando ya mdomo kulikuwa na mikunjo ambayo hakuwa anaijua. Alitambua kwamba katika miezi yote ile ya pasipoti na vipimo, naye pia hakuwa amemwangalia. Alimpenda sana kwa dakika ile, kwa upendo uliouma kama jino.

"Nenda," Haboba alimwambia, macho yake yamejaa. "Mwenyezi Mungu akutangulie mbele na akulinde nyuma. Mimi nimekuridhia. Sasa lete hiyo kamera yako kabla sijageuza maneno."

Zulaikha aliichukua kamera bila kuinuka. Kutoka pale mkekani uso wa bibi yake ulikuwa sawa na wake, wala si chini yake kama alivyouona kila alipopiga amesimama. Alijisogeza nyuma kidogo ili kamera isishindwe kwa ukaribu, akauweka uso ule katikati ya kitundu, akabonyeza nusu. Lenzi ilinguruma taratibu.

"Inafanya nini?" Haboba aliuliza.

"Inakutafuta."

"Iambie niko hapa."

Taa ya kijani ikawaka, na Zulaikha akamalizia kubonyeza. Alipiga moja tu. Picha nyingine zilikuwa bado zimebaki kwenye mkanda, lakini Haboba alikuwa ameshanyoosha mkono anataka apewe kamera. Alisema haki ni kwa wote, kwamba naye ana mtu wake wa kumpiga. Zulaikha alimwelekeza pa kushika na pa kuchungulia. Haboba alimwamuru mjukuu wake afute machozi, kisha akambadilishia amri, akasema ayaache.

Moreen alipousafisha mkanda ule hakufanya mzaha wowote. Alimpa Zulaikha picha ya kwanza mkononi akaenda kujishughulisha na kitu kingine upande wa pili wa chumba. Alikuwa Haboba mwenyewe kabisa. Kila mkunjo ulikuwa pale, na utando wa jicho, na chozi lililokuwa halijaamua kuanguka, na macho yalimtazama Zulaikha moja kwa moja, bila kujificha. Picha aliyopiga Haboba ilikuwa na nusu ya uso wa Zulaikha, kwa sababu nusu nyingine ilizibwa na kidole. Haboba aliipokea kwa furaha kubwa kuliko ile nyingine. Aliisimamisha juu ya kabati la vyombo, akawa anawaambia wageni kwamba huyo ni mjukuu wake na hiki ni kidole chake, wamepiga pamoja.

Siku ya kuondoka jamaa walijaa uani, shangazi Kaltumi akakimbia huku na huku na mifuko ya mandazi. Zulaikha alikuwa na hofu moja iliyobaki, kwamba wakati gari linaondoka Haboba atainamia ukindu wake tena. Alikumbatiana na wote, akaingia garini, picha ikiwa ndani ya pasipoti. Alipogeuka kutazama kupitia kioo cha nyuma, Haboba alikuwa amesimama mlangoni, mikono mitupu, mtandio umeteleza mabegani, uso wake umeinuliwa kulielekea gari. Hakuuficha wala hakuugeuza. Alimwangalia mjukuu wake akienda mpaka gari likapinda kona ya soko.

Hivyo ndivyo Zulaikha alivyosafiri na uso alioutamani pamoja na radhi ya mwenye uso huo. Alipokuwa amesimama, hakuupata kwa kamera wala kwa machozi, na alipokaa chini mkekani alipewa vyote kwa siku moja. Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.